Kunyamazisha jeni ili kusoma njia ya ethilini kwenye nyanya: mwongozo kamili kwa maabara za Tanga

Anayevundika ndizi anajua kwamba tunda moja likianza kuiva ndani ya pipa, mengine hayachelewi. Kinachotoka kwenye tunda lile la kwanza ni ethilini, homoni ya mmea iliyo katika hali ya gesi. Mwaka 1901 Dmitry Neljubow, huko St. Petersburg, alionyesha kwamba ethilini iliyokuwa ndani ya gesi ya taa ndiyo iliyofanya miche yake ya njegere idumae na kujipinda. Mwaka 1934 ikathibitishwa kwamba mimea huitengeneza yenyewe. Swali linaloshughulikiwa hapa ni la ndani zaidi: gesi ikishafika, seli inaipokeaje, na habari inafikaje hadi kwenye kiini cha seli?

Njia tutakayotumia ni kunyamazisha jeni moja moja kwa msaada wa virusi, kisha kutazama mmea umeshindwa kufanya nini. Haihitaji miaka ya kuzalisha mimea iliyobadilishwa. Tangu mbegu iote hadi kipimo cha mwisho ni wiki tano hivi.

Tahadhari moja itangulie zote. Miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa kwa maabara za nchi za baridi. Inaposema "acha kwenye joto la chumba kwa saa 3", inakusudia nyuzi 20 hadi 22. Chumba cha Tanga wakati wa kaskazi, mwezi wa Februari, kinaweza kuwa na nyuzi 31 na zaidi. Sehemu kubwa ya majaribio yanayoharibika pwani yanaharibikia kwenye maneno hayo matatu, joto la chumba, na mtendaji hubaki akilaumu plasmidi, yaani duara dogo la DNA la kubebea jeni.

Njia ya ethilini kwa ufupi

Vipokezi vya ethilini vimekaa kwenye utando wa ndani ya seli, kila kimoja kikiwa kimeshika madini ya shaba. Pasipo ethilini, vipokezi huiwasha protini iitwayo CTR1, nayo huifunga protini ya pili, EIN2, isifanye kazi. Ethilini ikishika kipokezi, kipokezi huzimika, CTR1 inanyamaza, EIN2 inafunguka. Kipande cha mkia wake hukatwa na kwenda kwenye kiini cha seli, ambako husababisha protini za kundi la EIN3 zisivunjwe tena. Hizo ndizo huwasha jeni za kuivisha, kudondosha majani na kupindisha vikonyo.

Kwa hiyo mlango huu, EIN2, uko wazi kwa asili na ulinzi ndio unaoufunga. Ukiunyamazisha ulinzi, yaani CTR1, mmea utaishi kana kwamba umezama ndani ya ethilini hata kama hakuna gesi. Ukiinyamazisha EIN2, mmea utakuwa kiziwi: umwagie gesi kiasi gani, hautasikia. Mtu anayeanza ashike jozi hii, kwa sababu matokeo yake yanakwenda pande mbili zinazopingana. Matokeo ya upande mmoja tu yanaweza kuwa ni ugonjwa au uchovu wa mmea. Ni vigumu sana ugonjwa mmoja utoe mambo mawili yaliyo kinyume.

Nyanya ndio mmea wa kufaa kwa sababu kikonyo cha jani lake hushuka waziwazi kikipata ethilini, na pembe yake hupimwa kwa kipimapembe cha shuleni. Majaribio ya mwanzo ya njia hii ya virusi kwenye nyanya, mwaka 2002, yalinyamazisha CTR1 na kuona mmea ukionyesha dalili za ethilini bila gesi.

Unyamazishaji unatokeaje

Tunatumia virusi vya TRV (tobacco rattle virus), vinavyoshambulia tumbaku na mimea mingi mingine. Vina nyuzi mbili za RNA, na kila uzi umewekwa kwenye plasmidi yake: pTRV1 ina vifaa vya kujizalisha na kusafiri, pTRV2 ina ganda la virusi na nafasi ya kupachika kipande cha jeni ya mmea. Bakteria Agrobacterium hupitisha DNA ya plasmidi hizo ndani ya seli ya jani. Seli ikitoa virusi, mmea hujikinga: hukata RNA ya virusi vipande vidogo vya herufi 21 hadi 24 za kinasaba, kisha hutumia vipande hivyo kama picha ya mtuhumiwa na kuharibu kila RNA inayofanana navyo. Kwa kuwa virusi vimebeba kipande cha jeni ya mmea wenyewe, mmea huishia kuharibu ujumbe wa jeni yake.

Hapa ndipo joto linapoingia, tena mara mbili. Kwanza, mashine ya Agrobacterium ya kupitishia DNA hupenda ubaridi. Bakteria wenyewe hukua vizuri kwenye nyuzi 28, lakini vijibomba wanavyotumia kupitisha DNA huanza kushindwa kuundwa zaidi ya hapo, na upitishaji huwa mzuri kwenye nyuzi 19 hadi 22. Pili, kinga ya mmea hupata nguvu zaidi joto likipanda. Mtu angedhani hilo ni jema, kumbe sivyo: kinga ikiwa kali mno, virusi vinafutwa kabla havijafika kwenye majani ya juu, na jeni yako inabaki inaimba kama kawaida. Tunahitaji kinga iwepo, ila isiwahi.

Kabla hujapanda mbegu

Kibali kitangulie. Bakteria na virusi hivi vimebadilishwa vinasaba, kwa hiyo kazi inaangukia kwenye Kanuni za Usalama wa Bioteknolojia za 2009 zilizo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Mbegu na vielelezo vinavyotoka nje ya nchi vinapitia kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Virusi vya TRV vya asili husambazwa na minyoo wadogo wa udongoni. Vile vya pTRV2 vimeondolewa jeni za kupandia minyoo hao, lakini hiyo si ruhusa ya kumwaga udongo uani. Kila jani, chungu na udongo upite kwenye otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wa shinikizo, kwa nyuzi 121, dakika 30. Usitunze mbegu za mimea iliyodungwa.

Chumba cha kukuzia kiwe na kiyoyozi kinachoweza kushikilia nyuzi 20 hadi 22 usiku na mchana, na taa za LED zenye mwanga wa mikromoli 100 hadi 150 kwa mita ya mraba kwa sekunde, saa 16 za mwanga na 8 za giza. Kipimajoto kining'inizwe kwenye kimo cha majani, chini ya taa. Kile cha ukutani karibu na kiyoyozi kitakuambia 21 wakati jani lina 26. Unyevu wa hewa nao una neno: kwenye nyanya, hewa kavu huongeza unyamazishaji, na hewa ya pwani ina maji mengi. Bahati njema kiyoyozi hukausha hewa kadiri kinavyopoza. Asiye na chumba cha uhakika apange kazi yake miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, au atafute pa kufanyia Lushoto, ambako milima ya Usambara inatoa bure ubaridi tunaoulipia umeme huku chini.

Jenereta. Umeme ukikatika na jenereta ikawashwa karibu na dirisha la chumba cha mimea, moshi wake unaingia na ethilini ndani yake. Vivyo hivyo moshi wa takataka zinazochomwa nyuma ya jengo, jiko la mafuta ya taa, na embe mbivu alizoacha mtu juu ya meza. Kwa majaribio ya homoni nyingine huenda ukasamehewa. Kwa ethilini, vikonyo vyote vitashuka, vya kundi la kulinganishia vikiwemo, na huna kipimo tena. Bomba la moshi liende upande ambao upepo unautoa mbali, na ujue upande huo hubadilika kaskazi ikiisha na kusi ikaingia.

Udongo: vumbi la makumbi ya nazi ni jepesi na linapatikana kwa wingi, lakini makumbi mengi ya pwani yamelowekwa kwenye maji ya bahari. Chumvi humfanya mche atoe homoni za taabu kabla hujaanza kazi. Loweka kwenye maji matamu usiku kucha, kamua, rudia mara tatu au nne, kisha pima maji yanayotoka. Kipimo cha chumvi kiwe chini ya milisimensi 1 kwa sentimita. Changanya sehemu 3 za makumbi na 1 ya mchanga uliooshwa, pasha kwenye otoklevu, acha ipoe. Maji ya kisima cha karibu na bahari yasitumike.

Madirisha yawe na wavu mdogo wa kuzuia inzi weupe. Inzi hawa huleta virusi vya kukunja majani ya nyanya, na virusi vya namna hiyo hubeba protini za kuzuia unyamazishaji. Hapo utapata hasara mbili: majani yaliyokunjamana yanayofanana na athari ya homoni, na jeni isiyonyamaza.

Kuchagua kipande cha jeni

Pata mfuatano wa jeni kwenye hifadhidata ya Sol Genomics Network, ambayo pia ina zana ya kuchagua vipande vya unyamazishaji. Kipande kiwe na herufi 300 hadi 400. Chini ya 200 unyamazishaji hupungua, juu ya 500 virusi huanza kukitupa njiani.

Kigezo kikubwa ni kwamba kisiwe na mfululizo wa herufi 21 zinazolingana kabisa na jeni nyingine usiyoikusudia. Kwa EIN2, achana na sehemu ya mwanzo, kwa sababu inafanana na jamii ya protini za kusafirisha madini. Chukua upande wa mkia. Kwa CTR1, epuka sehemu ya kimeng'enya cha kinasi, maana kinasi ni nyingi na zinafanana. Chukua upande wa mwanzo wa jeni. Kwa jamii ya EIN3 mambo yanageuka: nyanya ina jeni kadhaa za namna hiyo zinazosaidiana, na ukinyamazisha moja hutaona kitu. Huko unatafuta kwa makusudi sehemu wanayoshirikiana ili kipande kimoja kizime kadhaa.

Kipande kinaweza kupachikwa kikiangalia upande wowote. Hakitengenezi protini, kazi yake ni kutoa sura ya kukamatia.

Utahitaji plasmidi nne za pTRV2: yenye EIN2, yenye CTR1, yenye PDS, na yenye kipande cha GFP, jeni ya samaki-jeli isiyokuwemo kwenye mmea. Wengi hutumia pTRV2 tupu kama ya kulinganishia. Tupu huzaa virusi wakali zaidi, na mche hudumaa kwa ugonjwa wenyewe. GFP inatoa virusi wa uzito ule ule.

PDS ni ya kuonea kwa macho. Ikinyamaza, mmea hukosa karotenoidi, rangi ya kijani inaunguzwa na mwanga, jani linakuwa jeupe. Itumie kujua kama kazi imefika, basi. Isiwe kamwe kundi la kulinganishia kwenye jaribio la homoni, kwa sababu asidi ya absisiki, homoni ya ukame, hutengenezwa kutokana na karotenoidi hizo hizo. Jani jeupe ni jani ambalo homoni zake zimeshavurugika.

Plasmidi na bakteria

Zalisha kipande kwa PCR, njia ya kunakili DNA, kutoka kwenye cDNA ya nyanya (DNA iliyonakiliwa kutoka RNA), praima, yaani vipande vifupi vya kuanzishia kunakili, zikiwa na alama za vimeng'enya vya kukata EcoRI na XhoI na herufi 4 hadi 6 za ziada nje ya alama, kwani vimeng'enya hukata vibaya vikiwa ukingoni kabisa. Kata, safisha, unganisha kwa uwiano wa molekuli 1 ya plasmidi kwa 3 za kipande, ingiza kwenye bakteria E. coli DH5α, otesha kwenye kanamaisini mikrogramu 50 kwa mililita. Soma mfuatano wa plasmidi kabla ya kwenda mbele, hata kama majibu yatachukua muda kurudi.

Kwa Agrobacterium tumia ukoo wa GV3101. Weka mikrogramu 1 ya plasmidi kwenye mikrolita 100 za seli zilizoandaliwa, gandisha kwenye naitrojeni ya maji dakika 5, yeyusha kwenye nyuzi 37 dakika 5, ongeza mililita 1 ya LB, chakula cha maji cha bakteria, isiyo na antibayotiki, tikisa kwenye nyuzi 28 kwa saa 2 hadi 3, kisha paka kwenye agari yenye kanamaisini 50, rifampisini 25 na gentamisini 25, zote mikrogramu kwa mililita. Makoloni hutoka siku ya pili au ya tatu. Rifampisini huharibiwa na mwanga, funga chupa kwa karatasi ya foili. Koloni likitoka ndani ya siku moja tu, si Agrobacterium.

Hifadhi kila moja kwenye glaiseroli asilimia 20 hadi 25, kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri.

Siku ya kudunga

Miche ya nyanya idungwe ikiwa na siku 8 hadi 10, majani mawili ya mbegu yamefunguka kabisa na jani la kweli la kwanza ndiyo kwanza linachungulia. Ukichelewa wiki moja, virusi havitawahi majani ya juu. Aina ya nyanya ina maana kubwa: Money Maker na Micro-Tom hutumika sana, lakini Tanya au Tengeru 97 usizichukulie zitaitika sawa. Dunga kwanza miche 10 ya aina yako kwa PDS uone.

Siku mbili kabla, otesha kila bakteria kwenye mililita 5 za LB yenye antibayotiki zake, nyuzi 28. Jioni inayofuata hamishia kwenye mililita 50 za LB mpya yenye antibayotiki, MES (ya kushikilia pH) milimola 10 na asetosiringoni, kemikali ya jeraha la mmea, mikromola 20. Asubuhi OD600, kipimo cha wingi wa bakteria kwa ukungu wao, iwe karibu 1. Ikipita 2, bakteria wameshazeeka, anza upya.

Bafa ya kudungia, mililita 100: MES gramu 0.195, kloridi ya magnesi yenye maji sita gramu 0.203, rekebisha pH iwe 5.6 kwa hidroksidi ya potasiamu. Mwishoni ongeza mikrolita 200 za asetosiringoni ya milimola 100, inayotengenezwa kwa kuyeyusha miligramu 19.6 kwenye mililita 1 ya DMSO. pH isipuuzwe. Ikiwa 6.5, bakteria hawapati ishara ya kwamba wako kwenye jeraha la mmea, na hawaamki.

Zungusha bakteria kwenye sentifuji kwa nguvu ya g 3,000, dakika 10, mwaga LB yote, yeyusha kwenye bafa hadi OD600 ifike 1.5. Changanya pTRV1 na pTRV2 nusu kwa nusu. Kisha saa 3 za kungoja.

Hapa usiache chupa juu ya meza. Chukua beseni la plastiki, tia maji hadi robo tatu, simamisha chupa ndani, tumbukiza kipimajoto. Dondosha vipande vya barafu, viwili vitatu kwa wakati, koroga, ngoja dakika 5, soma. Yakifika nyuzi 21, funika beseni kwa taulo nene. Katika chumba chenye joto la Februari utaongeza kipande cha barafu kila baada ya dakika 15 au 20. Usimwage barafu nyingi kwa mkupuo, yakishuka hadi 10 bakteria wanalala. Kazi hii inachosha, lakini saa hizo tatu ndizo mashine ya kupitishia DNA inaundwa, na hakuna kitu kingine katika mwongozo huu chenye faida kubwa kwa gharama ya barafu ya shilingi chache.

Mwagilia miche na iweke kwenye mwanga saa 1 kabla, vitundu vya majani vifunguke. Tumia sirinji ya mililita 1 isiyo na sindano. Geuza jani la mbegu, shikilia upande wa juu kwa ncha ya kidole, bana mdomo wa sirinji upande wa chini na sukuma taratibu. Utaona doa la kijani kiza likitambaa kama maji kwenye karatasi. Lijaze jani zima, fanya yote mawili. Mchanganyiko wa bakteria ukirudi pembeni umebana legelege. Jani likichanika umebana mno, na kila jeraha ni ethilini ya ziada. Badili glavu kati ya kundi na kundi.

Miche 15 kwa GFP, 15 EIN2, 15 CTR1, 6 PDS, na 6 isiyodungwa. Usiku wa kwanza iwe gizani, nyuzi 20 hadi 22. Siku nne za mwanzo ndizo umeme usikatike.

Wiki tatu za kungoja

Siku ya 10 hadi 14 baada ya kudunga, majani mapya ya miche ya PDS huanza kuwa meupe, kwanza kwenye mishipa. Miche hiyo ikiwa haijaonyesha chochote siku ya 18, usipime kundi lolote. Weupe wa mabaka ni kawaida kwa nyanya, na ndiyo sababu tunahitaji mimea mingi. Ukiwa mabaka madogo sana, fungua kumbukumbu za joto kwanza, kisha pH, kisha umri wa miche.

Miche ya CTR1 itajionyesha yenyewe: mifupi, vikonyo vimeshuka, majani yamejikunja kuelekea chini. Miche ya EIN2 itaonekana ya kawaida, na hapo wengi hudhani wamefeli. Kiziwi haonekani mpaka aitwe.

Umwagiliaji uwe wa kiasi. Mizizi ya nyanya ikizama majini hukosa oksijeni, hurundika ACC, kitangulizi cha ethilini, ambayo hupanda shinani na kugeuka ethilini kwenye majani. Vikonyo vitashuka bila gesi yoyote. Chungu kisikalie sahani yenye maji, na masika chumba kisivuje.

Kumwita kiziwi: kipimo cha gesi

Siku ya 21, tumia ndoo ya lita 60 yenye mfuniko unaobana na tundu dogo lililozibwa kwa mpira. Gesi tunaitoa kwenye etefoni, ile inayotumika mashambani kuchochea nanasi litoe ua. Kunyunyizia etefoni kwenye majani kunaleta asidi na fosfeti pamoja na gesi. Afadhali gesi peke yake.

Tunataka mikrolita 10 za ethilini kwa lita ya hewa, yaani mikrolita 600 kwa ndoo. Hizo ni kama mikromoli 25, sawa na miligramu 3.6 za etefoni ikiwa yote itageuka gesi. Kwenye chupa yenye gramu 480 kwa lita, punguza mara 100 kwa maji, kisha chukua mililita 0.75. Ndani ya ndoo weka sahani yenye mililita 5 za hidroksidi ya sodiamu ya mola 1, panga vyungu vinne, funga, dunga etefoni kupitia mpira ili idondokee sahanini. Vaa miwani na glavu. Ndoo ya pili iwe na hidroksidi pekee, bila etefoni. Zote mbili gizani, nyuzi 22.

Pima pembe kati ya shina na upande wa juu wa kikonyo cha jani la tatu, kabla ya kufunga na baada ya saa 24. Anayepima asijue chungu ni cha kundi gani. Bandika namba tu. Kwenye GFP pembe itapanuka wazi kikonyo kikishuka. Kwenye EIN2 itasogea kidogo au isisogee. CTR1 itakuwa imeshashuka kabla, na gesi haitaongeza kitu kikubwa.

Ukitaka ushahidi kwamba CTR1 inajibu bila homoni yenyewe, nyunyizia thiosalfeti ya fedha, inayoziba vipokezi. Nitreti ya fedha na thiosalfeti ya sodiamu, zote mola 0.1, kwa uwiano wa 1 kwa 4, ukimimina fedha polepole ndani ya thiosalfeti na si kinyume chake, la sivyo inaganda nyeusi. Mche wa kawaida unaotoa ethilini yake utanyoosha vikonyo, wa CTR1 utabaki vile vile, kwani tatizo lake liko chini ya kipokezi.

Je, jeni imenyamaza kweli?

Kata jani lile lile ulilopima, miligramu 100, gandisha papo hapo, toa RNA, ondoa DNA kwa DNAse, tengeneza cDNA kutoka mikrogramu 1 kwa praima ya oligo-dT, inayoshika mkia wa A wa RNA za mmea. RNA ya TRV haina mkia wa A, kwa hiyo oligo-dT huiacha nyuma kwa sehemu kubwa.

Praima za qPCR, PCR ya kupimia wingi wa ujumbe wa jeni, lazima ziwe nje ya kipande ulichopachika, angalau moja kati ya mbili. Zikiwa ndani, utapima kipande kilichobebwa na virusi, na jeni yako itaonekana imepanda mara elfu. Kosa hili ni la kawaida kiasi kwamba ukiona namba za namna hiyo, usitafute sababu nyingine. Linganisha na jeni tulivu mbili, aktini na EF1α, kwa hesabu ya ΔΔCt (tofauti ya mizunguko ya qPCR kati ya jeni na jeni, kisha kati ya kundi na kundi), na kundi la GFP ndilo liwe 1. Tarajia jeni ishuke kwa asilimia 60 hadi 90 kwenye mimea mizuri. Haitafutika. Mmea wenye EIN2 iliyoshuka kwa asilimia 40 tu na kikonyo kilichosogea nusu haupingani na nadharia. Weka kila mche kama nukta kwenye chati, kiasi cha jeni upande mmoja na pembe upande wa pili, na mteremko utasema zaidi ya wastani wa kundi.

Ongeza jeni moja inayoitika ethilini, kama E4, kuona kama habari imefika kwenye kiini. Pia endesha PCR kwa praima zinazokizunguka kipande ndani ya pTRV2. Kipande cha DNA kitakachotoka kikiwa kifupi kuliko ulivyotarajia, virusi vimeshakitupa kipande.

Kunyamazisha mbili kwa pamoja

Nani anamtangulia nani? Nyamazisha CTR1 na EIN2 kwenye mche mmoja. Usichanganye bakteria wawili wenye pTRV2 tofauti, kwa sababu virusi viwili vya aina moja huzuiana na kugawana seli: utapata mabaka ya EIN2 hapa na ya CTR1 pale. Unganisha vipande viwili, herufi 200 kila kimoja, mfululizo ndani ya pTRV2 moja, na tengeneza plasmidi za kulinganishia zenye kipande kimoja na 200 za GFP ili urefu ulingane.

Mche wa namna hii ukikua mfupi na vikonyo vimeshuka kama wa CTR1, basi kwanza pima kama EIN2 imenyamaza vya kutosha. Sehemu ndogo iliyobaki, ikikosa ulinzi, inatosha kufungua mlango. EIN2 ikiwa imeshuka kweli, vikonyo vitasimama, na mche utakuwa kiziwi ndani ya ndoo. Kukosekana kwa mlinzi hakuna maana kama mlango wenyewe haupo: EIN2 iko chini ya CTR1. Mpangilio huo huo unafaa kwa jeni usiyoijua. Iunganishe na CTR1, tazama kama vikonyo vinasimama, na utajua iko upande gani wa mlinzi.